Homoni, dawa ya sonona, au vyote viwili? Ulinganisho kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi

Mwanamke wa miaka 46 akimweleza daktari wa magonjwa ya wanawake kwamba usiku analowa jasho, hapati usingizi, mchana analia bila sababu na kazi imemshinda, huenda akaondoka na homoni. Maneno hayohayo akiyapeleka kwa daktari wa afya ya akili, ataondoka na dawa ya sonona. Akiyapeleka zahanati ya mtaani, atapimwa malaria na presha, apewe vidonge vya usingizi na kuambiwa apunguze mawazo. Mgonjwa ni yuleyule. Kilichobadilika ni mlango aliobisha.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya huyo mwanamke, na kwa mume, dada au binti anayemsindikiza. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kuuliza ni ipi kati ya hizo yenye nguvu zaidi hakusaidii. Uliza haya: kilianza nini kwanza, joto na kukosa usingizi au huzuni? Hedhi yako imefikia hatua gani? Na je, uliwahi kuugua sonona kabla ya hapa? Majibu hayo yanachagua sehemu kubwa ya dawa. Na pale vinapohitajika vyote viwili, kwa kawaida visianzwe siku moja.

Kipindi chenyewe

Mwanamke huhesabiwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 bila kuona siku zake. Tunachozungumzia hapa ni ile miaka ya kabla: hedhi inawahi, inachelewa, inaruka mwezi, inakuja nzito kuliko ulivyozoea. Kwa wengi huanza katikati ya miaka ya 40 na kuchukua kama miaka 4, wengine hadi 8.

Wengi hudhani kwamba katika miaka hiyo estrojeni hupungua taratibu mpaka ikaisha. Sivyo. Hupanda na kushuka ovyo. Wiki hii inaweza kuwa juu kuliko ulipokuwa na miaka 30, wiki ijayo imeanguka. Kuna wanawake wasioathiriwa kabisa na mtikisiko huo, na kuna wanaoathiriwa sana, hasa waliowahi kupata sonona baada ya kujifungua, au waliokuwa wakibadilika hali kila wanapokaribia siku zao. Mwaka 2024 watafiti wa University College London walikusanya tafiti 7 zenye wanawake 9,141, wakakuta kwamba walio katika kipindi hiki wana uwezekano wa kupata dalili za sonona ulio mkubwa kwa takribani asilimia 40 kuliko wale ambao hedhi yao haijaanza kubadilika.

Usikimbilie kulipia kipimo cha homoni. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 45, mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, unasema dalili zinatosha, kwa sababu kipimo cha leo hakitafanana na cha wiki ijayo. Hela hiyo ipime wingi wa damu, tezi ya shingo, sukari na ujauzito. Wanawake wengi wa kwetu wana uvimbe kwenye kizazi, hutokwa damu nyingi miezi mingi, na upungufu wa damu unamfanya mtu mchovu, mzito na asiye na raha hata kabla sonona haijagusa mlango. Na kama unachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, kutoona siku zako hakukuambii lolote. Sindano yenyewe ndiyo inayozizuia.

Kwa mtazamo wa haraka

| | Homoni | Dawa ya sonona | Vyote viwili |
|---|---|---|---|
| Inamfaa zaidi | Mwenye joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi mbovu, na huzuni iliyofuata baadaye | Mwenye sonona ya wazi, hasa aliyewahi kuugua. Au asiyeruhusiwa homoni | Aliyepona nusu kwa kimoja. Au mwenye sonona nzito pamoja na joto kali |
| Joto la ghafla | Hupungua sana | Hupungua kiasi, kwa baadhi ya dawa | Hupungua sana |
| Huzuni | Husaidia kabla hedhi haijakoma, zaidi ikiwa si nzito | Husaidia umri wowote | Husaidia pande zote mbili |
| Nafuu huanza | Joto: wiki 2 hadi 4, tathmini baada ya miezi 3 | Wiki 2 hadi 4, tathmini wiki ya 6 hadi 8 | Hutegemea kilichotangulia |
| Tamaa ya ndoa | Ukavu hupungua | Mara nyingi hushuka | Mchanganyiko |
| Upatikanaji kwetu | Mgumu nje ya miji mikubwa, bei juu | Rahisi, bei nafuu kwa dawa za zamani | Gharama mbili |

Jedwali linadanganya kidogo, kama majedwali yote. Yafuatayo ndiyo maelezo yake.

Homoni peke yake

Tiba hii ina sehemu mbili. Estrojeni ndiyo inayotibu. Projesteroni inalinda kizazi, kwa sababu estrojeni ikiachwa peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi na baadaye inaweza kuleta saratani. Aliyeondolewa kizazi kwa kawaida hahitaji projesteroni. Mwenye kizazi lazima apate zote mbili, na hapo pasiwe na mjadala.

Estrojeni inayotumika zaidi siku hizi ni estradioli, ya vidonge, jeli ya kupaka, au kibandiko cha kubandika kiunoni au takoni. Tofauti ya njia hizi si ya urahisi tu. Kidonge hupitia kwenye ini na huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni au kwenye mapafu. Jeli na kibandiko kwa dozi za kawaida havionyeshi ongezeko hilo. Kwa mwanamke mnene, mwenye presha, au mwenye kipandauso, nisingefikiria mara mbili: ya ngozi.

Projesteroni ya asili huja kwa kapsuli, na ratiba ya kawaida katika kipindi hiki ni miligramu 200 usiku kwa siku 12 au zaidi kila mwezi. Humezwa usiku kwa makusudi, maana inaleta usingizi, na kwa asiyelala hilo ni zawadi. Lakini kuna wanawake ambao projesteroni, hasa zile za maabara kama medroksiprojesteroni na norethisteroni, huwavuruga hali: hasira, uzito wa moyo, machozi, kila mwezi siku zilezile za kumeza. Ukiona hivyo, usiseme homoni zimekukataa. Kinachohitaji kubadilishwa ni projesteroni, na kitanzi cha homoni ni njia mojawapo, kwa kuwa dawa yake hufanya kazi zaidi ndani ya kizazi kwenyewe.

Je, homoni zinatibu huzuni? Jibu linategemea wakati. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa wanawake 50 waliokuwa na sonona katika kipindi cha kuelekea kukoma hedhi. Nusu walibandikwa estradioli ya mikrogramu 100, nusu kibandiko kitupu. Baada ya wiki 12, asilimia 68 ya waliopata dawa walikuwa wamepona, dhidi ya asilimia 20 upande wa pili. Ni utafiti mdogo, lakini tofauti hiyo haipuuziki. Mwaka 2018 mwingine wa wanawake 172, uliofanyika Marekani, ulijaribu kuzuia: waliopata estradioli na projesteroni kwa mwaka mzima, asilimia 17 hivi walipata dalili za sonona, wakati wa upande wa pili walikuwa asilimia 32. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa walio mwanzoni mwa kipindi hiki na kwa waliopitia misukosuko ya maisha karibuni. Msiba, talaka, mtoto aliyeharibikiwa: wanawake wa umri huu wanayajua.

Kwa waliokwisha kukoma hedhi miaka kadhaa, estradioli ilipojaribiwa dhidi ya sonona haikuonyesha faida hiyo. Kwa hiyo shangazi wa miaka 62 asidai homoni kwa sababu zilimsaidia mpwa wake wa 47.

Sasa hofu ya saratani. Chanzo chake kikubwa ni utafiti wa Marekani wa Women's Health Initiative, ambao tawi lake la homoni mbili lilisimamishwa Julai 2002. Walionekana wagonjwa wapya wa saratani ya matiti kama 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Taarifa ikazunguka dunia nzima. Kilichozunguka kidogo ni kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, wakitumia vidonge vya estrojeni itokanayo na mkojo wa farasi pamoja na medroksiprojesteroni. Tawi la walioondolewa kizazi, waliotumia estrojeni tu, halikuonyesha ongezeko la saratani ya matiti. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuanza kuondoa onyo kali lililokuwa kwenye pakiti za dawa hizi kwa zaidi ya miaka 20. Hatari haijafutika, inakua kwa miaka ya kutumia homoni mbili kwa pamoja. Ila kwa mwanamke mwenye afya, chini ya miaka 60 na ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, hesabu kwa kawaida huangukia upande wa faida.

Wasiostahili ni hawa: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, anayetokwa damu ambayo chanzo chake hakijajulikana, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye ugonjwa wa ini unaoendelea. Aliyewahi kupata damu iliyoganda aamuliwe na bingwa.

Na jambo ambalo wengi hushangaa kulisikia: homoni hizi hazizuii mimba. Wala hazifanani na vidonge vya majira. Vidonge vya majira vina homoni za aina nyingine na nguvu kubwa zaidi, na havimfai mwenye presha au mvutaji sigara aliyevuka miaka 35. Ushauri wa kawaida ni kuendelea na uzazi wa mpango kwa miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho kama hujafika 50, na mwaka 1 kama umevuka.

Dawa ya sonona peke yake

Huku uwanja ni mpana na dawa zinapatikana. Fluoksetini na amitriptilini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndizo utakazokutana nazo hospitali nyingi za wilaya na kaunti. Sertralini, esitalopramu na venlafaksini hupatikana zaidi kwenye maduka makubwa ya dawa mjini.

Kwa sonona ya wastani au nzito, dawa hizi pamoja na tiba ya mazungumzo bado ndizo za kwanza, hata kama mwanamke yuko kwenye mabadiliko ya hedhi. Ndivyo ulivyosema mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2018, huohuo uliokiri kwamba estrojeni nayo inapunguza sonona katika kipindi hiki. Kwa upande mwingine, NICE wanakumbusha kwamba hakuna ushahidi wa wazi kuwa dawa hizi zinamsaidia mwanamke aliye na moyo mzito tu wa kipindi hiki bila kuwa na sonona yenyewe. Hapo ndipo makosa mengi hufanyika: mtu hajalala miezi minne kwa sababu ya jasho, anapewa dawa ya sonona, jasho linaendelea, na yeye anaambiwa dozi haijatosha.

Je, zinapunguza joto la ghafla? Baadhi, ndiyo. Mwaka 2014 venlafaksini ya miligramu 75 ililinganishwa moja kwa moja na estradioli ya kidonge ya dozi ndogo, nusu miligramu, kwa wanawake 339 na wiki 8. Idadi ya vipindi vya joto ilipungua kwa asilimia 53 kwa estradioli, 48 kwa venlafaksini, na 29 kwa waliomeza kidonge kitupu. Walikaribiana kuliko watu wanavyodhani. Esitalopramu nayo imeonyesha faida, na paroksetini ya miligramu 7.5 iliidhinishwa na FDA mwaka 2013 kwa ajili ya joto hilo tu.

Neno kuhusu amitriptilini, maana ndiyo ya bei rahisi na huandikwa sana. Inalaza, inasaidia maumivu ya mishipa, na kwa dozi ndogo ya usiku wengi huishi nayo vizuri. Lakini inakausha mdomo na macho, inafunga choo, inanenepesha, na ikimezwa nyingi kwa pamoja inadhuru moyo vibaya. Kwa mwanamke anayelalamika ukavu na kitambi, au mwenye mawazo ya kujidhuru, nisingeianza hiyo kama fluoksetini au sertralini ipo.

Fluoksetini humezwa asubuhi, kwa sababu usiku inaweza kukunyima usingizi. Wiki ya kwanza tumbo linaweza kuvurugika na wasiwasi kuongezeka kidogo kabla haujapungua. Wengi huacha hapo, siku chache kabla ya nafuu. Venlafaksini kwa dozi kubwa hupandisha presha, kwa hiyo pimwa.

Athari ambayo haisemwi kliniki, kwa haya ya pande zote mbili, ni ya chumbani. Dawa za kundi la SSRI (kama fluoksetini, sertralini, esitalopramu na paroksetini) na venlafaksini mara nyingi hupunguza hamu na kuchelewesha au kuzuia kufika kileleni. Mume anaweza kudhani kuna mwingine. Sema kabla hujaanza, na ukipatwa sema tena: zipo dawa za sonona zenye athari ndogo upande huo, kama bupropioni na mitazapini, pale zinapopatikana.

Kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, daktari akuulize hili, na asipouliza lilete wewe: je, uliwahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa ambacho hulali wala huchoki, maneno yanakutoka mfululizo, unatumia pesa ovyo, unajiona huwezi kushindwa? Kama ndiyo, dawa ya sonona peke yake inaweza kukurusha tena huko, na mpango wa tiba unabadilika kabisa.

Vyote viwili

Hofu ya kwanza ni kwamba vitagombana mwilini. Estradioli na dawa za kawaida za sonona havigombani. Huhitaji kupunguza dozi ya kimoja kwa sababu umeongeza kingine, wala kupisha masaa kati yao. Kinachosumbua ni kutojua kipi kimefanya nini. Vyote huweza kuleta kichwa kuuma na kichefuchefu wiki za mwanzo. Ukianza Jumatatu na vyote, Ijumaa kichwa kikigonga utaacha vyote, na pengine umemtupa asiye na hatia.

Kwa hiyo utaratibu ndio unaobeba uamuzi.

Chukua mwanamke ambaye hali yake ilikuwa sawa mpaka hedhi ilipoanza kurukaruka. Joto likaja, usingizi ukaondoka, kisha huzuni ikaingia, lakini bado anaamka, anapika, anaenda sokoni. Hajawahi kuugua sonona. Huyu ningeanza na homoni, nikampa kama miezi 3. Joto likiisha na usingizi ukirudi lakini moyo ukabaki palepale, dawa ya sonona inaongezwa juu yake, na homoni haziondolewi.

Mwanamke wa pili alishaugua sonona mara mbili, ya kwanza baada ya mtoto wa pili. Sasa imerudi: hali chakula, hajipendi, anasema watoto watakuwa salama zaidi bila yeye. Huyu hangoji homoni. Dawa ya sonona inaanza sasa, pamoja na mtu wa kuzungumza naye na mtu wa kukaa naye nyumbani. Baada ya wiki 4 hadi 6, akishatulia, homoni huongezwa kama joto na usingizi vinamsumbua. Na mwanamke yeyote anayewaza kujiua, wa hatua yoyote ya hedhi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, dawa zote alizonazo ndani zikishikwa na mtu mwingine.

Wa tatu ndiye ninayehisi husahaulika zaidi. Anatumia sertralini miaka sita, maisha yamekaa sawa, kisha akiwa na miaka 48 dawa inaonekana kama imekufa. Dozi inapandishwa. Inapandishwa tena. Hakuna aliyemuuliza kuhusu hedhi yake. Kwake kuongeza estradioli huenda kukafanya ambacho kidonge cha tatu cha sertralini hakitafanya. Wala asiache sertralini eti kwa kuwa sasa amepata "dawa halisi ya tatizo". Hilo ni kosa linaloonekana mara nyingi: furaha ya wiki za kwanza za homoni humfanya mtu aache kidonge ghafla, kisha huja kizunguzungu, mshtuko kama wa umeme kichwani, na sonona nyuma yake.

Wa nne hana uchaguzi wa vyote viwili: ametibiwa saratani ya matiti na anameza tamoksifeni, dawa ya kuizuia isirudi. Homoni hazimhusu. Venlafaksini humsaidia joto na huzuni kwa pamoja. Paroksetini na fluoksetini aziepuke, kwa sababu zinazuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kuipa tamoksifeni nguvu yake.

Ukiwa kwenye vyote viwili, angalia damu. Kutokwa na matone katika miezi 3 ya kwanza ya homoni ni kawaida. Kukizidi hapo, au kukiwa kwingi, rudi ukapimwe. Dawa za SSRI nazo hufanya damu iwe nzito kidogo kuganda, yaani ivuje kwa urahisi zaidi, na ukichanganya na diklofenaki au ibuprofeni za kila siku za mgongo na magoti, tumbo linaweza kuvuja damu. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli. Tramadoli ndiyo mbaya zaidi hapa: ikikutana na dawa ya sonona inaweza kuleta degedege au kuzidisha serotonini, kemikali ya ubongo, mwilini, mtu akatetemeka, akachanganyikiwa na homa juu.

Dawa nyingine zilizoko kabatini

Miongozo mingi iliandikwa Ulaya na Marekani, na haisemi sana juu ya dawa ambazo huku kwetu ziko nyumba ya pili au ya tatu.

Rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa, na efavirenzi ya ARV huharakisha ini kuivunja estrojeni. Ya kidonge ndiyo hupotea zaidi, kwa hiyo ya ngozi ni bora. Walio kwenye dolutegraviri hawana tatizo hilo na homoni, ingawa yenyewe inaweza kuharibu usingizi, na huwa rahisi kuisingizia hedhi. Anayetumia lamotrijini, nayo ya kifafa, amwambie daktari kabla ya estrojeni, kwa sababu kiwango cha lamotrijini mwilini kinaweza kushuka.

Kisha malaria. Maelezo ya dawa mseto ya artemetha na lumefantrini yanaonya isichanganywe na amitriptilini na jamaa zake, kwa ajili ya mapigo ya moyo. Esitalopramu na sitalopramu nazo zinahitaji tahadhari kwa sababu hiyohiyo. Ukiugua malaria, mwambie mhudumu unachomeza kabla hajakupa dozi.

Sitaingiza kwenye ulinganisho huu vile vikopo vya "kusafisha kizazi" na "kurudisha homoni" vinavyouzwa kwenye WhatsApp. Hakuna cha kulinganisha, maana hakuna anayekuambia kilichomo.

Yanayoamua nyumbani

Uamuzi wa mwisho mara nyingi haufanywi na tafiti. Joto la Dar, Mombasa au Muscat hulegeza kibandiko kwa jasho. Huko jeli hukaa vizuri zaidi, mradi uiache ikauke na usimbebe mtoto ngozi kwa ngozi mara baada ya kupaka.

Kwa Waislamu, ratiba ya projesteroni ina uzito ambao daktari asiye Mwislamu huenda asiuone. Projesteroni ya siku 12 kwa mwezi huleta damu kwa wakati unaotabirika. Ya kila siku, katika kipindi hiki, mara nyingi huleta matone yasiyo na mpangilio, na mwanamke anabaki akijiuliza kila asubuhi kama aswali na afunge. Kwa wengi hilo pekee linatosha kuchagua ya mzunguko, au kitanzi cha homoni baada ya miezi ya mwanzo. Kidonge cha mara moja kwa siku huhamia daku au futari bila shida, na kwa fatwa zinazofuatwa na wengi, kibandiko na jeli ya ngozi havifunguzi.

Halafu kuna macho ya watu. Pakiti ya homoni mezani haimshtui mtu. Ya fluoksetini humfanya wifi aulize kama umeanza kwenda hospitali ya magonjwa ya akili, Mirembe, au kwa Kenya, Mathari. Nimesikia wanawake wakichagua homoni kwa sababu hiyo tu, na siwalaumu, ila sonona nzito haitajali umeificha kwa jina gani. Mazungumzo na mtaalamu yana nafasi yake pande zote, na si ya matajiri pekee: utafiti wa Zimbabwe wa mwaka 2016 juu ya "benchi la urafiki", ambako wahudumu wa kawaida wa jamii, wengi wao akina bibi, waliketi na wagonjwa kutatua tatizo moja baada ya jingine, ulionyesha dalili kupungua kwa kiasi kikubwa.

Kuacha

Muulize daktari mwisho wa safari kabla hujaianza. Dawa ya sonona huendelea angalau miezi 6 baada ya kupona, na kwa aliyeugua mara kadhaa, miaka 2 au zaidi. Hupunguzwa kidogokidogo. Venlafaksini na paroksetini ndizo ngumu kuzitoka. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo hujipunguza yenyewe. Homoni hazina tarehe ya kufa. Kila mwaka mnakaa na kuangalia presha, matiti, damu na kama bado unazihitaji.

Usiache vyote katika msimu mmoja. Kama hedhi bado inarukaruka, mimi ningeiacha dawa ya sonona ikae mpaka itulie, hata kama najisikia mzima. Kimoja kikishaondoka, jipe miezi michache kabla ya kugusa kingine. Joto likirudi peke yake wiki za mwanzo, linaweza kupita lenyewe na unaweza kulisubiri. Huzuni ikirudi na kukaa wiki mbili mfululizo, rudi kliniki na karatasi uliyoandika tarehe za kuanza na kuacha kila dawa.